Kapita na Mtunza Saa

Kila siku alikata karatasi moja tu. Kitabu chake kilikuwa kama vile vitabu vya Wazungu ambavyo havikumaliziwa: kurasa zilishikana ukingoni, na msomaji alipaswa kuzifungua mwenyewe kwa kisu. Papa Kapita, msimamizi wetu, alitumia kisu kile kile cha kukatia kamba za magunia. Alikipangusa kwenye suruali, akakiingiza ndani ya mkunjo, akavuta taratibu, na sisi wanawake wa meza za kahawa tukanyamaza. Ya kesho hakuikata kamwe. Mama Furaha, aliyekuwa jirani yangu mezani, alimwomba mara nyingi, "Papa, chungulia kidogo tu, utuambie kama Mtunza Saa atapona."

"Mama," alijibu, "mimi na ninyi tuko kwenye ukurasa mumoja."

Naandika haya polepole. Shule yangu iliishia darasa la tano kwa masista, na tangu utoto maneno hunitoka kwa shida. Lakini kuna neno moja nililopaswa kulisema mbele ya mtu huyu siku aliyoondolewa Goma, nikalifungia mdomoni miaka mitatu.

Hangari yetu, ghala la kahawa, ilikuwa upande wa Birere, karibu na njia ya kwenda Gisenyi. Magunia yalishuka kutoka Rutshuru na Masisi. Tulimwaga kahawa juu ya nyungo, tukatoa punje nyeusi, punje zilizovunjika, na yale mawe madogo ya mlima wa moto ambayo huku kwetu yamo katika kila kitu, hata katika maharagwe. Kapita alipita nyuma yetu. Akikuta jiwe moja katika ungo uliokwisha kuchambuliwa, aliumwaga wote kwenye rundo, na mwenye ungo akaanza upya. Hakusikiliza udhuru. Siku moja alimwaga ungo wa mama mwenye mimba kubwa. Mama yule akalia, na Kapita akasimama pale akiangalia ukuta mpaka kilio kikaisha.

"Jiwe halijue kama uko na mimba," alisema.

Wakati wa mapumziko nilimwona amekaa nyuma ya magunia, peke yake, anachambua ungo wa yule mama kwa mikono yake. Hakumwambia. Mimi pia sikumwambia.

Alikuwa mwoga wa Wazungu kupita watu wote niliowajua. Gari la bwana mwenye hangari likiwa bado linanguruma mbali, yeye alishavua kofia na kuishika kifuani. Wanawake walimtania. "Kapita, tunazika nani leo?" Alijibu kwamba ni joto. Huku Goma, kwenye upepo wa ziwa, asubuhi, alikuwa anasema ni joto.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyeacha viatu kwa ajili ya kitabu. Mzungu mmoja aliyekuja kupima mlima wa moto alikuwa ameweka vitu vyake kwetu. Siku ya kuondoka alimwambia Kapita achague zawadi: viatu vya kupandia mlima, karibu vipya, au kitu kingine chochote sandukuni. Kapita akachagua kitabu. Mke wake hakusema naye juma zima. Alisimama mlangoni mwao huko Murara akimlalamikia kila aliyepita, "Viatu vingefika miaka kumi." Kapita, ndani ya nyumba, alisema, "Hiki pia."

Kusoma kulianza kwa sababu ya ugomvi. Kila mmoja wetu alitaka kukaa karibu na mlango, kwenye mwanga, na wale wa milima ya Masisi na wale wa Rutshuru walitukanana kila asubuhi. Bwana akataka kuwafukuza watano. Kapita akavua kofia, akaomba aruhusiwe kutusomea kidogo kila siku tukiwa kazini. Nadhani bwana alifikiri ni kitabu cha sala. Alipoona midomo imefungwa na mikono inaenda mbio, akasema, "Soma, soma."

Kilikuwa cha Kifaransa, na kigumu. Sentensi moja ilianza juu ya ukurasa, ikateremka, ikasahau ilikotoka, ikapanda tena. Msimuliaji alibadilika bila kuaga: ulikuwa unamsikiliza mjane, kumbe sasa ni mbwa wake, mara ni mji wenyewe unaosema. Kapita alisoma kipande kimya, midomo ikicheza, akainua macho, akakitia katika Kiswahili chetu. Alipokwama hakuficha. "Hapa sielewe," alisema. "Inaweza kuwa hivi. Inaweza kuwa vile." Kisha akaendelea. Sikuwa nimepata kumsikia mtu mwenye kitabu mkononi akisema kwamba haelewi. Masista walielewa yote. Katekista pia.

Kwa kifupi, na yeye angenikemea kwa kufupisha, ni habari ya mji wa baridi wenye mnara, na mtu anayetunza saa ya mnara huo. Hana jina. Mkuu wa mji huchelewa kila mahali, na siku moja anaamuru saa irudishwe nyuma ili ionekane hakuchelewa. Mtunza Saa anairudisha. Anaamriwa tena, na tena, mpaka watu wa mji wanakula chakula cha mchana gizani na hakuna anayesema kitu. Yeye peke yake anajua saa ya kweli. Anayo saa ndogo ya mfukoni, ameificha ndani ya mkate mkavu.

Tulimpenda mtu huyo. Tulimkasirikia pia kwa kutii. Mama Furaha alimwita shemeji. "Shemeji amekula leo?" aliuliza kabla kisu hakijatoka mfukoni. "Au bado anakaa na ule mukate, anaogopa kuuma?"

Ni Mama Furaha aliyeuliza lile swali ambalo sote tulilimeza. "Papa, huyu mukuu wa muji, si ni hawa wetu?"

Kapita akafunga kitabu. Siku hiyo hatukusomewa tena, na ugomvi wa mlangoni ukarudi. Kesho yake alisema, bila kumwangalia mtu, "Mugeni akifika kwako, hauanze kumugeuza uso uone anafanana na jirani gani. Umupe kiti kwanza." Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia kila tulipotaka maana: "Musinyooshe." Mtu akisema, kumbe mjane ni mchawi, yeye husema, musinyooshe. Mwingine akisema, kumbe kitabu chote ni ndoto, yeye tena, musinyooshe. Alisema jambo lililopinda ukilinyoosha kwa nguvu, unabaki na vipande viwili mkononi na wala hukufika.

Wanaume waliozungumza habari za serikali kwa kunong'ona hakuwapenda. Wakati ule zilikuwa zimeanza kufika habari kutoka Léopoldville, kwamba wengine wanaomba nchi ijitawale, na kwamba Wazungu wanajibu: bado, bado sana. Shemeji wa Kapita, karani wa duka, alikuja mpaka hangarini kumtolea maneno hayo. Kapita akamwambia, "Mimi niko na mambo ya muji mwingine." Nilimwamini. Hata leo naamini alisema kweli, kwa kadiri alivyojijua.

Sasa niseme juu ya kengele, maana hapo ndipo mambo yalipobana.

Uani kulikuwa na kipande cha reli kinachoning'inia. Kapita ndiye aliyekipiga, asubuhi, saa sita, na jioni. Lakini yeye hakuwa na saa. Saa ilikuwa ya bwana, ofisini. Bwana alitoa mkono dirishani, na Kapita akapiga. Mkono usipotoka, hakupiga. Tuliuliza, "Papa, saa sita imefika?" Alitazama dirisha, akasema, "Bado."

Siku zote tulikubali. Baada ya kuishi miezi kadhaa na Mtunza Saa, Mama Furaha alisimika kijiti uani. Kivuli cha kijiti kikiwa kifupi kabisa, ni saa sita. Hilo hata mchunga ng'ombe analijua. Siku ya kwanza kivuli kilikuwa kimeshaanza kurefuka upande wa pili, na bado mkono haujatoka. Siku ya pili vile vile. Mama Furaha hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Papa, saa ya kweli ni ngapi?"

Kapita alitazama dirisha. Alikuwa amesimama karibu na reli na nyundo mkononi. Kisha alasiri aliingia, akakata karatasi, akatusomea jinsi Mtunza Saa alivyopanda ngazi za mnara kuirudisha saa nyuma kwa mara ya sita, akihesabu vipandio ili asifikiri. Tulimwangalia. Alijua tunamwangalia. Katikati ya ukurasa aliomba maji.

Hakung'oa kijiti. Hilo nililiona. Angeweza kuking'oa.

Swali la Mama Furaha likatoka hangarini kama harufu ya mboga. Sokoni Birere muuza mihogo alimuuliza mwenzake saa ya kweli ni ngapi, wakacheka. Likafika Murara. Likafika kwa wanaume wa kunong'ona, ambao hawakujua kitabu wala mnara, nao wakaanza kusalimiana hivyo. Halafu ajenti wa serikali, Mzungu kijana aliyesema Kiswahili cha kujifunza kazini, akaonekana mara mbili akitembea polepole mbele ya hangari yetu. Shemeji wa Kapita alirudi, safari hii kwa mbio.

"Acha hicho kitabu," alimwambia. "Wanauliza nani analeta maneno. Watakutosha Goma, wakufukuze, na watoto wako utawaacha kwa nani?"

Kapita alikuwa ametoka jasho usoni. Alipangusa kisu kwenye suruali. Akakata karatasi moja.

Jumamosi ile alitusomea karatasi ambayo sitaisahau. Mkuu wa mji amegundua saa ya mkate. Mtunza Saa anakimbilia mnarani, theluji inaanguka, watu wako chini na taa. Anapanda. Mikono yake imekufa ganzi. Katika dirisha la juu inaonekana taa yake ndogo, inatembea kutoka upande huu mpaka upande ule. Halafu taa inazimika. Hapo karatasi ikaisha, mkono wa bwana ukatoka dirishani, Kapita akafunga kitabu akaenda kupiga reli. Jumapili, kanisani, niliona Mama Furaha amevaa kitambaa cheusi.

Jumatatu nilifika wa kwanza, kama kawaida yangu, ili nisipite mbele ya watu. Nilivuta ungo wangu. Mikono ilikataa. Sikupanga kitu na sikuwa najaribu kumwambia mtu kitu. Nilikuwa nimemzika kaka yangu mwaka uliotangulia, na kwetu nyumba yenye msiba haichambui kitu, hata maharagwe ya kula. Nikaugeuza ungo, nikauweka chini kifudifudi, nikakaa kando yake na miguu nimeinyoosha. Mama Furaha akaingia, akaniona. Akageuza wake. Kabla jua halijaingia mlangoni tulikuwa sote tumekaa chini, wa Masisi na wa Rutshuru wamechanganyikana, na mmoja akaanzisha wimbo wa kilio.

Kapita alisimama mlangoni. Alitutazama kwa zamu, mmoja mmoja. Kisha akavua kofia, ingawa gari la bwana halikuwa limesikika.

Bwana alipofika alidhani ni mgomo, akatuma watu kumwita ajenti. Ajenti alikuja na askari wawili.

"Nani alikufa hapa?" aliuliza.

"Ni shemeji, bwana," alisema Mama Furaha.

"Jina lake?"

"Hana jina."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye munara."

Goma yetu haikuwa na mnara, ila ule wa kengele za misheni. Ajenti akamtuma askari mmoja. Tukangoja. Askari akarudi na vumbi kwenye kofia. "Bwana, ni popo tu," alisema. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Maiti iko wapi?"

"Haijashuka," alisema Mama Furaha, na sasa machozi yake yalikuwa ya kweli.

Hapo ajenti akakiona kitabu mfukoni mwa koti la Kapita. Akakichukua, akakifungua, akasoma kidogo amesimama, uso ukabadilika, kama mtu aliyekanyaga mahali alipodhani ni pagumu. Akafika mahali kurasa zinaposhikana.

"Huyu mutu wa kitabu alikufa ao hakufa?"

"Sijue, bwana. Sijakata."

"Kata sasa. Wasomee, waone, warudi kwa kazi."

Ilikuwa njia rahisi, nafikiri ajenti mwenyewe alifurahi kuiona. Kisu kilikuwa hapo hapo mfukoni. Kapita alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bwana, kwenye matanga hatusome," alisema.

Sikuwa nimepata kumsikia akimkatalia Mzungu. Bwana mwenye hangari akasema kitu kwa Kifaransa, haraka. Ajenti akageuka kwetu.

"Nani alianza? Nani aliweka ungo chini kwanza? Mutu huyo ataondoka Goma leo. Wengine watarudi kwa kazi."

Ungo wangu ulikuwa mbele yangu. Niliutazama. Neno lilikuwa tayari, ni neno fupi, herufi nne tu. Nilifungua mdomo. Mama Furaha akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Ni mimi," alisema Kapita. "Nilifunga kitabu mahali pabaya."

Ajenti hakumwamini, hilo lilionekana. Lakini aliandika. Walipokuwa wanamtoa, Kapita aliomba ruhusa achukue koti lake jingine lililotundikwa uani. Alipofika uani hakushika koti. Alikitazama kijiti. Kivuli kilikuwa kifupi kabisa, kimejikunja mguuni. Akachukua nyundo, akapiga reli, mapigo yote ya saa sita, bila haraka. Hakuna mkono uliokuwa umetoka dirishani. Bwana mwenye mkono alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Sisi tukainuka, tukakung'uta nguo, tukaenda nyumbani kula.

Walimpeleka Rutshuru, akakatazwa kulala Goma. Kitabu kilibaki kwa ajenti. Kapita mpya alikuwa mpole, hakuona mawe, na hakuna aliyetusomea.

Imepita miaka mitatu. Siku hizi wanaume wa kunong'ona wanasema kwa sauti. Wana kadi za chama na wanagombana barabarani juu ya nani atatawala. Mwezi uliopita nilipanda lori la magunia kwenda Rutshuru kununua maharagwe. Dereva alituambia turudi saa nane, atapiga honi mara tatu, asiyefika atalala huko. Niliuliza nyumba ya mtu aliyekuwa kapita Goma. Walinionyesha.

Alikuwa amekaa nje, anawaandikia watu barua. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko nilivyotazamia. Alinitambua kabla sijasalimu. "Weye wa mwisho wa meza," alisema. "Karibu, binti." Akamwita mke wake alete kiti. Mke akaleta, akaniuliza kama kule Goma viatu bado vinauzwa ghali.

Alinieleza kwamba watu wa chama walimfuata mara mbili, wanataka apande juu ya meza aseme jinsi alivyowashinda Wazungu kwa kitabu. Alikataa. "Wananyoosha," alisema.

Nikamwambia basi. Nilitazama vidole vyangu, nikasema, "Papa, ni mimi niliweka ungo chini."

"Nilikuona. Nilikuwa mulangoni."

"Ningesema. Nilifungua kinywa."

"Na hilo niliona." Akakunja barua aliyokuwa anaiandika. "Binti, ile reli niliipiga miaka mingi. Ulitaka nikupe weye kesi yangu?"

Akaingia ndani, akatoka na kitabu. Ajenti alikileta mwenyewe, kwa pikipiki, kabla hajarudi kwao Ulaya. Alikiweka mezani, akauliza kama Kapita anataka kuambiwa mwisho. Kapita akasema hapana. Mzungu akakaa kidogo, akanywa maji, akaondoka.

Nilikifungua. Pale tulipoishia, kurasa zilikuwa zimekatwa vibaya, kwa pupa, kwa kidole pengine, kingo zimeraruka. Karatasi ya tatu ilikuwa na nafuu. Kuanzia ya kumi zilikuwa zimekatwa moja moja, zimenyooka, kwa kisu kikali, mkono uliotulia. Na hivyo mpaka mwisho.

"Papa umekisoma?"

"Kiliachwa katikati ya watu. Nikimalize peke yangu namna gani?" Akakisukuma kwangu. "Soma. Nitatia kwa Kiswahili."

Kifaransa changu ni kibovu. Nilisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, neno, halafu neno. Ukurasa haukusema kitu juu ya mnara. Ni asubuhi, mwanamke anayeuza mkate anafungua dirisha, theluji imeacha kuanguka. Anasikia saa ya mji inagonga. Anahesabu, anatazama jua, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hesabu na jua vinapatana.

"Basi ni mzima," nilisema. "Ni yeye anapiga."

"Inaweza kuwa ni yeye." Kapita alikuwa amefumba macho. "Inaweza kuwa mwingine alipanda."

Barabarani honi ya lori ililia. Ikalia tena. Dereva akaita kwa sauti kubwa kwamba saa imefika, na nilisikia mguu wa Kapita ukisogea, kama mtu aliyezoea kuinuka akiitwa. Mimi, ambaye mezani nilikuwa naomba maji kwa ishara, nilisimama juu ya kiti nikaita mpaka mbuzi wa jirani akashtuka.

"Bado."

Kisha nikakaa, nikatafuta mstari kwa kidole, nikaendelea.